Kaburi la Baba Alimozikwa Mgeni

Baba yangu alikuwa mwashi. Miaka michache kabla ya uhuru homa ilimlaza wiki tatu nyumbani kwetu Kirumba. Mganga wa zahanati alimpima, akanivuta nje, akaniambia tujiandae. Mama alikwishafariki, na mimi, niliyeolewa jirani, ndimi niliyemuuguza.

Mwanza kuchimba kaburi si kazi ya saa moja. Unapiga sululu mara tatu, unakuta jiwe. Kwa hiyo waashi wenzake, kwa upendo kabisa, walianza mapema, wakachimba siku mbili.

Siku ya tatu baba aliamka akaomba uji. Jioni akaomba samaki.

Habari za kaburi alizipata kwa rafiki yake, mvuvi Mkristo asiyejua kuficha jambo. Baba alicheka mpaka akakohoa. Alipopata nguvu alichukua bakora, akaenda kulitazama, nami nikamfuata. Alizikagua kuta kwa jicho la kazi.

"Wamenyoosha vizuri. Ila ni fupi, miguu yangu ingekunjwa."

"Lifukiwe, baba," nilisema.

"Subiri kidogo, mwanangu."

Wiki hiyohiyo ziwa likatupa maiti ufukweni, mwanamume asiyejulikana na yeyote. Shehe wa msikiti wetu alisita kumzika, kwa kuwa dini ya marehemu haikujulikana.

"Mungu anaijua," alisema mvuvi.

Baba akalitoa kaburi lake. Yule mtu alikuwa mfupi, akaenea. Shehe alisoma dua, mvuvi akaomba kwa namna yake, na hakuna aliyenung'unika.

Tukiwa njiani kurudi, baba alitembea polepole akiegemea bakora.

"Nilidhani kifo kinakwenda kwa zamu," alisema. "Yule sijui alikosa nini, na mimi sijui nimetenda jema gani. Nimeachwa tu. Basi nitafute nimeachiwa nini."

Kesho yake alitembea hadi Buswelu kwa kaka yake, ambaye hawakuwa wamesemezana naye miaka mingi kwa ugomvi wa ng'ombe. Nilitarajia hotuba ndefu ya suluhu. Nilisikia baadaye kwamba walisalimiana, wakala viazi, wakazungumzia mvua.

Uhuru ulipokuja, baba alijiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima, akakaa benchi moja na wanawake wa rika langu. Mwalimu, kijana mdogo, alimwamkia shikamoo kila siku. Baba aliitikia marahaba kwa sauti nzito, kisha akanyoosha mkono kuuliza ile herufi yenye tumbo inaitwaje.