Mtungi Haurudi Mtupu

Bi Fusae alipofariki, mtaa mzima wa maduka ulijiuliza swali moja, na swali lenyewe halikumhusu mumewe. Tuliulizana: sasa nani atakoroga pumba?

Hapa Kokura, Japani, hata mtoto anajua kwamba pumba za mchele za kutia achari ni kitu hai. Unazichanganya na chumvi na maji, unazilaza kwenye pipa, humo unafukia figili, matango na biringanya zako, na kila siku ya Mungu unatumbukiza mkono mtupu hadi kiwiko na kuzipindua kutoka chini. Ukiacha, zinaoza. Pumba za Bi Fusae alizileta alipoolewa, kapewa na mama yake, naye kapewa na mama yake. Wakati wa vita, king'ora kilipolia, bibi yake Bi Fusae alikimbilia handaki akiwa amekumbatia ndoo ya pumba. Mtoto wake alitembea mwenyewe.

Mumewe, Mzee Kusaba, kazi yake ilikuwa kukaa kaunta na kulalamika. Kila asubuhi alikatiwa tango la kwanza, analitafuna, anasema, "Fusae, chumvi imezidi." Bi Fusae hakugeuza hata shingo. "Basi usile." Walifanya hivyo tangu wakiwa vijana. Mimi kinyozi, kibanda changu kinatazamana na duka lao, kwa hiyo ugomvi ule ndio uliokuwa saa yangu ya kufungulia. Na tuseme kweli, chumvi ilizidi. Ndiyo maana achari ile ilishusha wali bakuli mbili.

Baada ya mazishi Mzee Kusaba akaanza kukoroga mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mzito, achari ikapungua ladha, lakini pumba zilibaki hai, na hilo tu ndilo alilotaka. Siku moja nilimkuta amezama hadi kiwiko, macho kafumba.

"Bado yumo humu," akaniambia. "Wewe huwezi kuelewa. Kazi yako vichwa."

"Nikusaidie kukoroga, Mzee?"

"Mkono wako na hayo mafuta ya nywele? Utamuua kabla ya chakula cha mchana."

Sikukasirika. Yaani nilikasirika, lakini alikuwa na haki.

Mvua za mwezi wa sita zilipoanza ndipo akaja Bi Orie. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kuomba radhi na glavu nyeupe mikononi. Glavu zile tulizijua. Ni za watu wa Jumuiya ya Umande Safi, walionunua jengo la sinema kuukuu kando ya mto na kulipaka rangi ya maziwa. Wanaamini uchafu wa dunia huingilia viganjani, kwa hiyo hawashiki kitu bila glavu wala hawapaki mafuta wala manukato. Na wananusa msiba kama paka anavyonusa samaki.

"Samahani kwa usumbufu," alisema, akainamisha kichwa. "Nahisi kuna mtu mwenye kiu katika nyumba hii."

"Ni huyu kinyozi," Mzee Kusaba akajibu. "Ndiyo kwanza nilikuwa namtilia chai."

Bi Orie hakucheka. Aliacha kaunta kichupa cha maji yaliyoombewa, bure kabisa, akaenda zake. Mimi nilidhani yameisha. Lakini hapa kwetu mtu akikupa kitu, huwezi kulala nacho bila kurudisha kingine. Kesho yake alipopita, Mzee Kusaba alimwita na kumkabidhi turnipu mbili za achari zimefungwa vizuri kwenye karatasi. Bi Orie akapokea kwa mikono miwili, uso umemshuka, kwa kuwa naye ni mtoto wa hapahapa. Siku ya tatu akaleta mikate ya mchele. Mzee akarudisha biringanya. Akaja na majani ya chai. Akaondoka na figili.

Wakubwa wa Jumuiya walikuwa wamepanga vyema: mpe mfiwa kidogo kidogo, moyo ulainike, halafu mwombe kikubwa. Sijui hila hiyo waliifanyia majaribio wapi. Hapa kwetu moyo haukupata nafasi ya kulainika, kila mtu alikuwa anawaza arudishe nini.

Mwishowe Bi Orie akaleta kile alichotumwa kuleta tangu mwanzo. Alikitua juu ya kaunta, akafungua kitambaa cha zambarau, na ndani mlikuwa na mtungi mweupe, mnene, wenye kifuniko.

"Roho ya mkeo inatangatanga, Bwana Kusaba. Humu ndani itapata makao na kuishi. Kaa nao tu mpaka sikukuu ya wafu, hulipi kitu. Ukiona umekupa amani, ndipo tutazungumza habari ya sadaka."

Sadaka yenyewe, niliijua baadaye, ilitosha kununua gari dogo, na si bovu.

Mzee Kusaba aliugonga mtungi kwa kidole, akaingiza pua, akapapasa ndani. "Umepakwa vizuri," akasema. "Huu hauvuji chumvi."

Nilicheka siku ile. Lakini siku zilizofuata kicheko kilinikauka, maana niliona analeta kiti karibu na mtungi. Sikukuu ya wafu, roho zinaporudi nyumbani, ilikuwa inakaribia, ya kwanza tangu Bi Fusae aondoke, na mwanamume aliyefiwa hana akili ya kukopesha. Asubuhi moja, mlango wa duka ukiwa nusu wazi, nilimsikia anauongelesha. Nikavuka barabara na hasira zangu zote.

"Mzee, utanunua chungu kwa bei ya gari?"

"Sijanunua. Nilikuwa namuuliza kama yumo."

"Haya, kasemaje?"

"Kimya." Akaufunika. "Wiki nzima nalalamikia achari yangu mbele ya mtungi huu, hajibu. Fusae hakuwahi kuniachia neno la mwisho. Hayumo. Kesho nitamrudishia mwenyewe."

Nilifurahi hata nikamwahidi kumnyoa bure. Kesho yake nikamkuta anachota pumba kutoka chini kabisa ya pipa, zile nyeusi za zamani, anazishindilia ndani ya mtungi mtakatifu mpaka shingoni.

"Sasa hiki ni nini?"

"Chombo cha mtu hakirudi kitupu."

"Si ungetia figili mbili tu!"

"Mtungi wa bei hii? Figili mbili?" Alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia dini. "Sina kitu kingine chenye thamani hiyo humu dukani."

Bi Orie alipofunua kifuniko, harufu ilimpiga usoni. Alitazama mtungi, akatazama glavu zake, akamtazama Mzee aliyeinama mbele yake kwa heshima zote akisema, "Ni za marehemu. Zikoroge kila siku, tafadhali." Aliufunga kwenye kitambaa cha zambarau, akaubeba kifuani na kuondoka mvuani. Hakurudi tena. Tukasema Mzee kapata dawa ya kufukuzia dini.

Katikati ya joto la Agosti, ugonjwa wa ngiri ukamwangusha Mzee Kusaba pale pale kaunta. Gari la wagonjwa likamchukua akiwa anapiga kelele kuhusu pumba. Nilimfuata hospitali, nikamwambia niko tayari kuosha mikono hadi ngozi itoke. Akakataa. Aliniagiza nizifunike kwa tabaka nene la chumvi, kwa kijiko cha mti, nisiziguse, na duka lifungwe. Chumvi ile ingezilinda siku chache. Upasuaji ukaleta homa, siku chache zikawa si chache, na sikukuu ya wafu ikapita yeye akiwa kitandani, bila hata kumwekea marehemu tango la miguu minne ya vijiti, yule farasi ambaye roho humpanda kurudi nyumbani.

Aliporudi, harufu ilitupokea kabla ya mlango. Pumba zilikuwa zimeota manyoya ya rangi ambazo sitazitaja. Hakulia. Alikaa juu ya kreti ya matango akasema, "Sasa amekufa." Alisema kama mtu anayejibu swali la karani wa posta. Nikaingiwa na uchungu ambao hata siku ya mazishi haukunifikia. Kesho yake akabandika tangazo mlangoni kwamba duka linafungwa, na anawashukuru wateja kwa miaka yote.

Tangazo hilo ndilo Bi Orie aliloliona, mwezi wa tisa, akiwa amesimama barabarani na furushi la zambarau mikononi. Mimi nilikuwa namnyoa mteja ndevu. Nilimwacha na povu shavu moja, nikavuka.

Alikuwa anaeleza huku ameinama. Mtungi hakuweza kuurudisha kwenye Jumuiya ukiwa unanuka vile, na pumba za mke wa mtu hakuweza kuzitupa. Akauweka jikoni kwake. Akaanza kukoroga kwa glavu, pumba zikaganda kwenye glavu, akazivua. Msimamizi wake, Bwana Haraguchi, alipouliza mtungi uko wapi, alijibu, "Mna roho ndani." Na mafundisho yao yanakataza kugusa mtungi uliokwisha kukaliwa. Haraguchi akampongeza, akaandika kwamba nafsi moja imeokolewa.

"Lakini nilimdanganya," alisema, "na pumba zako nimekaa nazo mno. Nimekuletea na hiki. Sijui kama kinalika."

Alifungua kifuniko, akachomoa tango, akalikata juu ya kaunta. Mkono wake ulikuwa mtupu, safi, hauna mafuta wala manukato ya aina yoyote. Wale watu walikuwa wameulea miaka yote mkono bora wa achari katika Kokura nzima bila kujua.

Mzee Kusaba akachukua kipande. Akatafuna taratibu. Akaacha kutafuna.

"Chumvi imezidi," akasema, na machozi yakamtoka.

Bi Orie alishtuka, akainama hadi paji la uso likakaribia kaunta. "Nisamehe. Niliogopa joto, kila siku nikawa naongeza kidogo."

Mzee alisukuma kipande kingine upande wangu. Nikala. Ilikuwa yenyewe, ile ya kushusha bakuli mbili. Nilijigeuza nikasingizia namtazama mteja wangu.

Siku ileile pumba zilirudi kwenye pipa lililosafishwa kwa maji ya moto. Daktari alikuwa amemkataza Mzee kuinama, kwa hiyo Bi Orie alikoroga. Na kesho akakoroga, na keshokutwa. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe. Glavu zake zikatundikwa msumarini nyuma ya mlango.

Ukabaki mtungi. Huo ulikuwa mali ya Jumuiya, na Mzee Kusaba hanunui mtungi. Aliuosha, akaufuta, akamtuma Bi Orie aurudishe, na bila shaka haukurudi mtupu. Ulijaa biringanya hadi juu. Wiki iliyofuata Bwana Haraguchi mwenyewe akatokea, suti nyeusi, glavu nyeupe, na boksi la keki mkononi. Alikuja kumkemea Bi Orie, lakini huwezi kukemea mtu huku umeshika keki ya shukrani.

"Kambi ya maombi ni ya siku tatu, dada," alimwambia kwa upole. "Wote wanakwenda."

"Na nani atakoroga?"

"Dada Orie, hebu niambie. Siku hizi unaamini nini?"

Alifikiri, mkono ungali ndani ya pipa. "Sijapata nafasi ya kuamini," akasema. "Asubuhi nakoroga."

Haraguchi alifungua kinywa kujibu, lakini Mzee Kusaba alikuwa tayari anamfungia figili kwa ajili ya ile keki. Alipokea kwa mikono miwili, uso umemshuka. Nilimhurumia. Tangu hapo hupita karibu kila wiki, mara na machungwa, mara na chai, na sijasikia tena habari za roho zenye kiu.

Tangazo la kufunga duka liliondolewa. Mimi nafungua kibanda changu kwa saa ileile ya zamani, ila kwa miezi kadhaa saa hiyo ilikuwa na kasoro. Mzee alitafuna tango la kwanza, akasema, "Chumvi imezidi." Bi Orie akainama, "Samahani, kesho nitapunguza." Mzee akamkatiza kwa ukali, "Usipunguze." Kesho wakaanza upya. Mwanamke wa watu hakujua anatakiwa afanye nini.

Leo asubuhi nilikuwa nazungusha ufunguo niliposikia sauti ya Mzee kutoka ng'ambo.

"Orie, chumvi imezidi."

"Basi usile."

Nikasimama na ufunguo mkononi. Kisha nikasikia bakuli linasukumwa juu ya kaunta.

"Ongeza wali," Mzee Kusaba akasema.