Siku Waliyokuja Kutazama Kutu

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Wauza kuku wa pale Misigiri walikuwa wakiniona nashuka garini nimekunja uso, wananiacha kwanza nilalamike nimalize, ndipo wataje bei. Na mwaka ule nilikuwa na sababu. Gari langu lilikuwa linaliwa na kutu.

Lilikuwa pikapu nyeupe. Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara, nilikuwa nimerudi nyumbani kwa baba baada ya ndoa kunishinda. Mama alikwishafariki, tukawa mimi na mzee tu. Nikaanza kununua kuku wa kienyeji vijijini, nawapakia kwenye matenga, nawapeleka Manyoni kwa wanunuzi wa Dar es Salaam. Mwanzoni nilidandia malori, na kuku wakifa kwa joto hasara ni yangu. Halafu mradi mmoja wa visima ukafunga kazi zake, wazungu wakauza magari yao, nami nikatoa akiba yangu yote nikanunua moja. Halikuwa la zamani. Walikuwa wamelichukua jipya kwa wakala wa kiwanda huko Dar, na kwenye mfuko wa mlango wakaniachia kijitabu cha waranti.

Masika ya pili hayajaisha, nikaanza kusikia upepo miguuni. Kuinua zulia, jamani! Sakafu imetoboka kama chekecheke. Milango nayo ilikuwa imevimba kwa chini, ukibonyeza kwa kidole inamumunyika. Baba alipenda kukaa mbele, ameshika fimbo yake kama anaenda kuoa, basi akawa anainama na kutazama barabara ikipita kati ya viatu vyake. "Hapa wamemwaga changarawe mpya," ananiambia, bila hata kutania.

Trafiki wa Manyoni hakuona cha kuchekesha. Aliniambia safari moja tu tena akilikuta gari katika hali ile, anang'oa namba. Fundi wa Singida mjini naye akasema pale si pa kuziba, ni kubadilisha milango yote na sakafu nzima. Aliponitajia bei nikamwuliza kama anadhani nauza tembo. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba nisipopata njia, biashara imekufa na mimi ni wa kudandia malori tena, na umri ule.

Ndipo nikakitoa kile kijitabu, nikakaa nacho na kamusi. Kilisema gari likitobolewa na kutu inayotoka ndani kwenda nje, kiwanda kitalitengeneza bure, hata kama limebadilisha mwenyewe, mradi muda wake haujaisha. Na ulikuwa haujaisha! Nikaenda posta ya Singida kumpigia simu yule wakala wa Dar. Mara nyingi niliambiwa nisubiri, mara laini ikakatika, mpaka siku moja nikapandisha sauti watu wote wa foleni wakageuka. Hapo nikaunganishwa na mkaguzi wao wa magari, mtu mpole. Akasema magari mengine ya mradi ule yana ugonjwa huohuo na anakuja huku siku chache zijazo kuyatazama. "Ila dada, usiguse kitu," akasema. "Usichomelee, usipake rangi. Nataka nilikute lilivyooza."

Jioni yake tukiwa tunakula ugali nikampa baba habari.

"Baba, waliotengeneza gari wanakuja kulitazama."

Akaacha kutafuna. "Wenyewe?"

"Wenyewe kabisa."

"Watalikagua?"

"Chini mpaka juu."

"Na wakikuta limechakaa?"

"Ndicho wanachokifuata hicho," nikasema, nikaendelea na mboga zangu.

Akanawa, akaenda kulizunguka gari. Nikadhani amefurahi.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Mtinko kutafuta kuku, gari nikaliacha uani lilivyo. Niliporudi, ilikuwa asubuhi ya siku yenyewe ya ukaguzi, nikakuta ua umefagiliwa mpaka kwenye njia, kuku ameshachinjwa, na baba amevaa koti lake la kanisani. Gari lilikuwa linang'aa. Limeoshwa hadi magurudumu, ubavu wa kushoto umepakwa rangi nyeupe, na limesukumwa likaegeshwa ubavu wa kulia umegusana na ukuta wa nyumba, hata panya asingepita. Nikafungua mlango. Sakafu ilikuwa imezibwa kwa mabati ya pipa, yamechomelewa pande zote, na juu yake lami.

"Baba! Nani amefanya haya?"

"Yule fundi wa majembe," akasema kwa utulivu. "Nimempa mtama. Kazi nzuri, au sivyo?"

Loo! Nilitaka kulia na nilitaka kupiga kelele, nisijue kipi kianze. Nilimwambia baba kwamba wametukataza kugusa. Akanijibu kwamba mgeni haonyeshwi uchafu. Nikamwambia huyu mgeni uchafu ndio anaoutaka. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto anayecheza karibu na kisima, na kabla sijaongeza neno tukasikia gari linaingia.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye adabu. Alimpa baba shikamoo yake kwa kuinama, akanawa, akala, akasifu kuku. Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema, lakini mimi siku hiyo sikuona kupona kwangu kuko wapi. Baada ya chakula akachukua tochi na bisibisi, akalala chini ya gari. Alipotoka alikuwa anajifuta mikono polepole.

"Dada, hapa sakafuni sina ninachoweza kusaidia. Kutu imechomwa pamoja na bati. Siwezi tena kusema ilianzia ndani au nje. Na ubavu huu wa kushoto umefunikwa kwa puti na rangi." Akaangalia upande wa ukutani. "Upande ule je?"

"Upande ule ni mzima," baba akasema haraka.

"Naomba tulisogeze, mzee."

"Liacheni hapo. Betri yake imechoka."

Betri haikuwa imechoka. Nikapanda, nikawasha, na baba akasimama mbele ya gari na fimbo yake. Nikampigia honi. Baba yangu mzazi, mbele ya mgeni, nikampigia honi! Akapiga hatua pembeni, akaenda zake nyuma ya nyumba.

Nililisogeza. Ubavu wa kulia ukatoka juani na aibu zake zote: mlango umetoboka kwa chini, kizingiti kimemeguka, kutu inadondoka kama pumba. Fundi wa majembe hakuufikia, nadhani mtama uliisha. Mkaguzi alipiga magoti, akaingiza bisibisi, akachungulia kwa tochi, na uso wake ukafunguka.

"Hii imetoka ndani," akasema. "Hii ni yetu. Mlango, kizingiti, na kwa kuwa ubavu huu uko hivi, nitawaombea hata na ule wa kushoto. Sakafu tu ndiyo utaigharimia mwenyewe."

Nikapiga vigelegele, nikiwa peke yangu. Nikageuka kumwita baba aje asikie.

Alikuwa anakuja kutoka zizini, anamvuta ng'ombe kwa kamba. Alikuwa ndiye ng'ombe wetu wa maziwa, wa pekee aliyebaki baada ya ukame. Akaja mpaka mbele ya mkaguzi, akavua kofia.

"Mwanangu," akamwambia, "umeyaona. Sina la kuficha. Lakini si kwamba hakulitunza. Analiosha, analinunulia mafuta kabla hajanunua kanga. Ni bahati mbaya tu. Mchukue huyu, umpelekee mkubwa wako, umwambie mzee anaomba. Gari mwachieni binti yangu."

Mkaguzi alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo.

Huku kwetu, mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa mtu asiye nao. Wewe unakamua maziwa, unapata mbolea, lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, naye hupita siku anayotaka kuwatazama. Akikuta wamenawiri, anakuachia. Akikuta wamekonda, anaondoka nao. Baba alifuga ng'ombe wa watu tangu ujana wake, na ninakumbuka alivyokuwa akiwaosha na kuwapaka mafuta pembe siku ya ukaguzi. Ninakumbuka pia mwaka walipougua, mwenyewe akaja, akawaswaga wote, na sisi watoto tukanywa uji mkavu, bila maziwa, mpaka mvua zilizofuata. Kiwanda kinachokuja kukagua gari ambalo kilikwisha kuliuza, yeye angekijuaje?

"Mzee," mkaguzi akasema, sauti imeshuka kabisa, "gari ni lake. Hakuna anayelichukua. Tumekuja kwa sababu sisi ndio tulilitengeneza vibaya."

"Nyinyi ndio mnakuja kulipa?"

"Ndiyo, mzee."

"Mtoke Dar es Salaam kote huko, kuja kusema mmekosea?"

"Ndiyo."

Baba akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama unavyomwitikia mgeni anayekudanganya ukiwa hutaki kumwaibisha. Nikamshika mkono nikamwambia, "Baba, mrudishe ng'ombe, yameisha." Hakutikisika. Mkaguzi akaaga, akaingia garini kwake, akaondoka mikono mitupu. Baba alisimama pale uani na koti lake la kanisani, kamba mkononi, mpaka vumbi la lile gari lilipotulia kabisa barabarani, ndipo akamrudisha ng'ombe zizini.