Prosesa ya Marehemu

Usiniamini kwa sababu mimi ni mtu mwema, maana siyo. Niamini kwa sababu kisa hiki kinaniaibisha, na nani anajitungia aibu yake?

Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Ikungi. Kijana mmoja wa Mtinko alifariki, kaka yake akaniuzia kompyuta ya marehemu. Mama yao akanipigia simu akaniomba nisifute picha za mwanawe, anakuja kuziona. Nikamwitikia ndiyo mama. Jioni ileile nikafuta kila kitu, kwa kuwa mteja alishapatikana. Prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, niliyokuwa nimeitia alama ya peni, ilinipindia vile vipini vyake vya chini tunavyoviita miguu nilipoichomoa, nikaitumbukiza chooni na kuweka nyingine.

Wiki mbili baadaye, siku ya mnada, mchana kweupe, akaingia mama mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Huku kwetu mzee asipoitikia shikamoo yako, jua una kesi naye. Akafungua fundo la khanga, akaweka prosesa mezani. Ilikuwa ileile, na alama yangu ya peni juu yake, miguu imenyooka.

"Iweke," akasema.

Nikamweleza kwamba kompyuta iliyokuwa mezani ni ya aina nyingine, miguu iko kwenye soketi yenyewe, hivyo prosesa ile haiwezi kukaa. Nikamweleza pia kwamba picha hukaa kwenye diski, prosesa haitunzi kitu. Nilishajua ni yule mama wa kwenye simu, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwambia ukweli.

"Iweke."

Nikaiweka. Ikazama bila kusukumwa. Nikawasha, na picha zikaja: kijana na joho la mahafali, kijana shambani kwenye alizeti, kijana amembeba mama huyuhuyu mgongoni, wote wanacheka. Akavuta kiti, akaziangalia moja moja hadi ya mwisho.

"Sasa zifute tena," akasema taratibu. "Nikiwa naona."

Unadhani nilikataa? Nilifuta. Kugeuka, kiti kitupu.

Nikampigia kaka mtu. Akasema mama wamemzika juzi, na mpaka anakata kauli alikuwa akiulizia zile picha.

Prosesa ninayo. Nimeijaribu tena kwenye soketi ile, haikai. Lakini kila kompyuta ninayoiwasha, iwe ya nani, hutangulia picha ya kijana amembeba mama yake, wanacheka, kisha kioo kinasubiri nifute. Nafuta. Nalia, nafuta.

Wewe fundi unayenisikiliza, nunua kompyuta ya marehemu ukitaka. Ila mama yake akikwambia anakuja, msubiri.