Chupa ya Mama Maabarani

Kozi ya protini tuliisoma kwa wiki moja tu, kwa sababu profesa alitoka Lubumbashi na alikuwa na haraka ya kurudi. Ndivyo tulivyosoma biokemia ya masters pale Likasi: wiki nyingi hakuna mwalimu, kisha anashuka mmoja na kutumwagia, asubuhi hadi jioni, mambo ya kukaa nayo mwaka mzima. Mimi ni mtu wa kununa, na wiki ile nilinuna zaidi. Alitueleza kwa furaha jinsi chembe moja ya kobalti inavyokaa katikati ya vitamini fulani, ndani ya miili yetu sote, huku nje malori ya kobalti kutoka migodi ya Kakanda yakipita na kutujazia vumbi darasani. Nilicheka peke yangu.

Lakini protini alizifundisha vizuri, sitamnyima haki yake. Protini, alisema, ni uzi mrefu uliojikunja kwa namna yake, na kazi yake yote imo katika kule kujikunja. Ukiupasha moto unafumuka, unashikana ovyo na nyuzi nyingine, basi tena. Ndiyo maana yai likishaiva huwezi kulirudisha ubichi. Halafu akaingia kwenye figo. Figo ni chujio lenye matundu madogo mno, na kuta zake zina chaji hasi. Albumini, ile protini kubwa ya damu, nayo ina chaji hasi, kwa hiyo inasukumwa ibaki ndani ya damu. Mkojo wa mtu mwenye afya, ukiupasha moto, unabaki maji tu.

Kwa zoezi la vitendo alitaka kila mmoja alete mkojo wa mtu mwenye afya. Sehemu moja tungeipasha moto kama ilivyo. Nyingine tungeichanganya na ute wa yai kwanza, tuione ikiganda. Kemikali za maana hatukuwa nazo, ila siki, mayai na taa ya spiriti havikukosekana.

Nyumbani nililalamika tukiwa tunakula bukari, ugali wa kwetu. Nilimweleza mama zoezi lote, nikasema nimesoma miaka yote hii ili nije kubeba mkojo kwenye mkoba. Nilikuwa nimeshaamua kubeba wangu. Mama, mwanamke ambaye hata nguo zake za ndani alizianika chumbani ili watu wasizione, akaacha kula.

"Beba yangu," alisema. "Minye njo muzima wa hapa nyumba."

Sikubishana naye kwamba yeye ndiye mzima wa nyumba. Ujana wake aliosha madini mtoni, maji yakimfika kiunoni, na baadaye akawa anauza mikate mlangoni petu, na sikumbuki hata siku moja aliyosema anaumwa. Lakini katika kanisa letu hakuna anayesema. Ugonjwa hautamkwi. Ukisema "niko na malaria" umeipokea, umeipa kiti na maji ya kunywa. Mtu akikohoa mbele ya mama alidakwa papo hapo: "Uko muzima!" Nilikua hivyo, natetemeka chini ya blanketi huku nakiri kwamba mimi ni mzima. Mambo hayo yalikuwa yamenichosha kabisa.

Asubuhi alinipa chupa aliyoizungushia plastiki mpaka haikujulikana ni kitu gani.

Maabarani niliupasha moto ule mkojo mtupu kwenye neli ya kioo. Ukaanza kupata ukungu. Nikadondoshea siki, nikitegemea ukungu utaondoka, maana ukungu wa chumvi za kawaida huyeyushwa na siki. Ukazidi, ukawa mzito, ukaganda mweupe. Wenzangu wakanicheka kwamba nimechanganya neli. Profesa naye akasogea.

"Mademoiselle, ulitia yai mu zote mbili. Recommence."

Nilirudia kwa mkojo uliobaki chupani na neli nyingine safi, mayai yakiwa mbali kabisa. Ukaganda tena. Safari hii profesa hakunikosoa. Aliinua neli dirishani, akaitazama, akaishusha.

"Ni ya nani?"

"Ya kwetu nyumba."

"Aende hospitali," alisema kwa sauti ya chini. "Bapime créatinine, ile ya figo. Usingoje."

Kisha akaenda kwenye meza nyingine, na mimi nikabaki kuosha vyombo. Protini ikishaganda inang'ang'ania kioo. Niliisugua huku nalia, maana nilijua vizuri ninachokisugua. Kile kilikuwa kitu cha damu ya mama yangu, na mahali pake hapakuwa pale.

Njia nzima nilipanga maneno ya kupambana naye. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anafunika mikate yake kwa kitambaa.

"Mama, twende hospitali. Mukojo yako..."

"Iliganda?"

Yeye akaendelea kunyoosha kitambaa.

"Inatokaka povu," alisema. "Tangu Pasaka. Na asubuhi macho inavimba."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

"Ningesema na kinywa gani? Kinywa yangu ilishakiri kama minye ni muzima. Njo nikakupatia chupa. Weye unasomaka ile mambo. Nilijua utaona."

Nilitaka kumgombeza. Nilikasirikia kanisa, nikakasirikia mto, nikamkasirikia hata yeye, na wakati huohuo nikamwonea huruma.

Hospitali, muuguzi alipomuuliza anaumwa nini, mama alinigeukia mimi. Nikasema mimi. Daktari aliposoma majibu alisema figo zote mbili zimechoka sana. Huenda ni presha, huenda ni yale madini, hakuna atakayejua sasa. Alimwandikia dawa za kupunguza kasi ya kuharibika, akamkataza chumvi, na hakuzungumzia kupona.

Mtihani wa kozi ulikuja na swali la lile chujio. Nilijaza ukurasa wote: matundu, chaji, albumini, na kinachotokea kuta zikiharibika. Matokeo yalipobandikwa nilikuwa wa kwanza, na alama zile nilizichukia. Mama ndiye aliyefurahi. Aliniomba nikae karibu naye kitandani, miguu yake imevimba juu ya mto wa kulalia.

"Basi weye unajua muzuri ile mambo ya figo," alisema.

"Najua, mama."

"Ile ya kuchuja, ikishaharibika, inarudiaka?"

Alitazama mlango, kisha akanishika mkono.

"Sema chini-chini," aliniambia. "Shetani asisikie."

Nikainama mpaka sikioni mwake.

"Hairudi, mama."