Siri ambayo Mama Masikio haifichi

Saa moja na nusu asubuhi, mwalimu wa ushauri, ambaye shule nzima humwita Mama Masikio, anatoka ofisini kwa mara ya nne. Anachungulia getini. Anarudi. Chai yake imepoa na hajaigusa.

"Leo hata kukaa siwezi," anasema. "Roho iko juu juu."

Anamsubiri msichana wa kidato cha pili, na kusubiri kwa namna hii, jamani, si kazi ndogo. Picha ya msichana huyo ilisambazwa kwenye kundi la simu la darasa, akachekwa wiki nzima. Siku tatu zilizopita alimwambia rafiki yake kwamba hataki tena kuishi, akamwapisha asimwambie mtu. Rafiki akaja ofisini mbio, analia. Mama mzazi akaitwa, daktari akamwona. Leo ndiyo siku aliyoahidi kurudi.

Rafiki huyo ni mmoja wa wanafunzi thelathini na mmoja ambao Mama Masikio huwafundisha kila Jumatano, bila posho, kuwasikiliza wenzao na kumkatalia anayewaonea. Siri zote watunze, isipokuwa ya mtu anayetaka kujidhuru.

Mwaka wa kwanza aliwavisha beji. "Wee! Nilichemka vibaya," anasema. "Ukionekana na mwenye beji tu, unazomewa. Nikazikusanya zote, nikazifungia kabatini."

Rafiki anaingia bila hodi. "Mwalimu, nimemwandikia, hajibu. Juzi aliniita msaliti. Mimi naacha hii kazi."

"Njoo ukae, mwanangu."

"Sikai!"

Basi wanasimama wote wawili dirishani.

Saa mbili kasorobo, msichana anaingia getini na mama yake. Ofisini hatazami. Anakwenda moja kwa moja darasani, rafiki anamfuata kwa miguu mizito, na Mama Masikio nyuma yao hadi mlangoni.

"Bado nimekununia," msichana anamwambia rafiki yake. "Haya, sogea nikae."

Mama Masikio anarudi ofisini akijifuta macho kwa kiganja, anafungua daftari lake la Jumatano.

"Kusikiliza nimewafundisha, kusema nimewafundisha," anasema. "Wiki hii nawafundisha kuvumilia kununiwa. Anayekununia si yuko hai?"