Sahani za Mama

Miaka ile ya ruksa ya biashara, Sumbawanga ilikuwa imelewa bidhaa. Sabuni tuliyozoea kuipangia foleni sasa ilitubembeleza tuinunue, na mtaani Milanzi ikafunguliwa zahanati ya mtu binafsi yenye mashine mpya ya kupima damu. Nikamburuta mama yangu kutoka kijijini Kaengesa. Kifua kilikuwa kinambana kila akipanda mlima na kuni, naye akakiita uchovu. Baba alishatutoka. Sikuwa tayari kubaki yatima wa pande zote, tena mwaka wa kuolewa kwangu.

Daktari, kijana mwenye adabu, alimpa shikamoo, akasoma majibu.

"Mama, chembe sahani zako ni kubwa kuliko kawaida."

Mama akakaza kitenge kiunoni. "Baba, umeingia lini nyumbani kwangu?"

Daktari akaeleza taratibu. Chembe sahani ni chembe ndogo mno za damu zinazoziba jeraha. Zikiwa kubwa huweza kushikana upesi na kuziba njia ya damu ya moyo. Si hukumu, alisema, ni dalili tu. Arudi wiki ijayo wampime moyo wenyewe. Mama alisikia sahani, basi. Njiani nilimfafanulia kwa Kifipa nikaharibu kabisa, maana neno nililolipata ni lile lile la chombo cha kulia ugali.

Alipofika nyumbani akazifungia sandukuni sahani zake zote za maua, fahari yake kutoka ng'ambo, Zambia. Tukaanza kulia kwenye visosi. Ugali wa ulezi kwenye kisosi! Ukimega, nusu iko mkekani. Wiki ilipokwisha akatangaza amepona.

"Sahani nimepunguza. Nirudi kufanya nini?"

Nilinuna, nikalia, nikamwambia moyo hauna habari na vyombo vyake. Akaniambia nimesomea ualimu, sikusomea damu.

Jumapili wakaja wageni wa posa kutoka Mollo. Mama akaandaa visosi. Mshenga akakigeuza chake, akauliza kwa adabu zote kikombe kiko wapi. Nilitamani ardhi inimeze.

"Mtanisamehe," mama akasema. "Daktari amenikataza sahani kubwa."

"Alizionea wapi, mama?"

"Kwenye damu."

"Kwenye damu," mama akarudia, polepole, akanitazama, na hapo kicheko kikamtoka. Mshenga akacheka hadi akaangusha kofia, mimi nikajifuta machozi kwa pazia. Mama alicheka mpaka akashika kifua, akainama, na hakuinuka upesi. Nikamkimbilia.

"Kesho twende," akanong'ona.

Tulikwenda. Moyo ulikuwa umechoka kweli, lakini daktari alisema tumewahi. Akampa dawa na amri moja: akichoka, apumzike. Nilitoka pale nikirukaruka kama ndama, mwalimu mzima, mbele za watu.

Kwenye kilima cha kurudi nyumbani mama akasimama. Akatandika kitenge chake kando ya njia, mchana kweupe, akaketi. Maishani mwangu sikuwahi kumwona mama ameketi njiani. Waliopita walimsalimu, naye akawaitikia kwa raha zake.

"Keti na wewe," akaniambia. "Siendi mbio tena. Nataka nikusumbue miaka mingi."