Neno Moja Alilobaki Nalo Mama

Mama alipigwa na kiharusi akisonga ugali, jikoni kwetu Mitaboni, mwaka ambao mahindi yalikauka shambani. Baba alimkuta ameanguka kando ya jiko, mkono wa kulia umelegea, mdomo umekwenda upande. Habari zilinifikia Athi River, nilikokuwa nashona kola za mashati katika kiwanda kimoja cha EPZ, cha nguo za kuuzwa ng'ambo. Nilipofika hospitalini mama aliniangalia, akasema, "Mwiko."

Nilidhani anauliza mwiko wake wa ugali. Nikamwambia uko nyumbani, nitauosha. Akatikisa kichwa, machozi yakamtoka.

Daktari alitueleza kwamba mama anaelewa yote tunayosema, ila maneno yake yamepotea, limebaki hilo moja. Baba akauliza kama mengine yatarudi. Akajibiwa kwamba kwa wengine hurudi.

Tulimpeleka nyumbani. Niliomba likizo ya wiki mbili, nikajifunza kumsikiliza upya. Mwiko wa haraka ulikuwa maji. Mwiko wa kuvutwa, macho yakiwa chini, maana yake amejikojolea. Nilimjaribu kwa Kikamba, nikamjaribu kwa Kiswahili, lakini mwiko ni mwiko kote kuwili. Akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea, aliimba nao wimbo mzima kwa neno hilo, na sauti haikukosea popote. Mmoja wao alidhani anatukataza kitu, kwamba kuna jambo la mwiko humo ndani. Hakurudi tena.

Kila jioni baba alimshikia kikombe mbele ya uso, akamwomba aseme kikombe. Siku moja alikiweka chini, akaniambia bila kumtazama mama, "Nimeishi na huyu miaka thelathini. Sasa sijui kama ananitukana ama ananiomba."

Mama alisikia.

Asubuhi ya kurudi kazini, alinishika kwa mkono wa kushoto, akalisema neno lake mara nyingi, polepole, kama mtu anayeacha maagizo marefu.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nimesikia."

Sikuwa nimeelewa hata kidogo, naye alijua. Akaniachilia.

Niliporudi mwisho wa mwezi, baba aliniambia mama haongei tena. Ugonjwa haukuzidi, alisema, amechoka tu. Nilishinda naye kutwa nikimuuliza kama ana njaa, kama anasikia baridi. Alinitazama tu.

Aliishi hivyo miaka miwili. Tulimlisha tulipokisia ana njaa, tukamgeuza tulipokisia anaumia, na hatukuwahi kujua ni wapi tulikosea.